BUSTANI YA MAMA: Chakula cha Januari Hupandwa Machi

Hakuna mwezi unaotupima akina mama kama Januari. Sare na madaftari vimemaliza fedha, gunia la mahindi limepungua, na bei sokoni imepanda. Watoto hawajui hayo. Wao huuliza tu leo tunakula nini.

Mwezi huu tuzungumze juu ya vyakula viwili vya mizizi ambavyo bibi zetu walivijua sana, lakini vimetoweka katika bustani nyingi: viazi vikuu na magimbi. Sisi wenye mvua za masika tukivipanda Machi, Desemba na Januari tunavuna.

Viazi vikuu
Kata kiazi vipande vya ukubwa wa ngumi, kila kimoja kikiwa na ganda lake. Paka majivu penye jeraha, uviache kivulini siku moja au mbili vikauke. Chimba mashimo yenye kina cha sentimita 60, umbali wa mita moja kati ya shimo na shimo. Jaza udongo laini uliochanganywa na samadi iliyooza. Huu ni mmea unaotambaa, hivyo simika mti mrefu, au panda karibu na mti uliopo. Baada ya miezi 8 hadi 10 majani hukauka. Hiyo ndiyo dalili ya kuvuna. Chimba taratibu, kwa maana kiazi kilichojeruhiwa huoza upesi. Shimo lililotunzwa vizuri laweza kukupa kilo 2 au zaidi.

Magimbi
Haya hupenda maji. Yapande pale yanapomwagika maji ya kuoshea mboga na mchele, au karibu na bomba. Tumia machipukizi yanayoota pembeni mwa shina, au kichwa cha gimbi pamoja na kipande cha bua lake. Acha sentimita 60 kati ya mmea na mmea, na usiache udongo ukauke.

Tahadhari jikoni
Magimbi mabichi huwasha mikono, mdomo na koo. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya, kisha yachemshe mpaka yalainike kabisa hadi ndani. Majani yake pia ni mboga, lakini nayo yapikwe sana. Usimwonjeshe mtoto gimbi ambalo halijaiva.

Tena, usichimbe viazi vya porini kwa sababu tu vinafanana na viazi vikuu. Vingine, kama ndiga, vina sumu inayoweza kuua. Wanaovila wakati wa njaa huviloweka na kubadilisha maji kwa siku kadhaa, na ujuzi huo haubahatishwi. Panda mbegu uliyopewa na mtu anayekula kiazi hicho nyumbani kwake.

Mwisho, akina mama, tunza mbegu. Januari sufuria ikiwa nyepesi, ni rahisi kupika hata kile kiazi cha mwisho. Kabla ya kupika chochote, tenga kwanza vya kupanda, uviweke mahali pakavu penye kivuli na hewa. Mwambie na baba watoto, ili asije akavitoa zawadi kwa mgeni. Mashimo matano tu, yakipandwa upya kila Machi, yatakupunguzia safari za kukopa unga dukani.

Mwezi ujao: kutengeneza mboji kwa maganda ya jikoni.