Bunduki Chache, Zilizo Kamili
Anayeanza kukusanya bunduki za Vita Kuu ya Kwanza kule Marekani, namsihi aanze na mbili: Mauser ya Ujerumani ya 1898 na Lee-Enfield ya Uingereza, yenye magazini ya risasi 10. Kwanza azisome namba: ya komeo ifanane na ya mtutu. Zikitofautiana, thamani hushuka, na fundi aipime bunduki kabla haijafyatuliwa. Kitako chenye makovu kisipigwe msasa kamwe. Anayekisugua anafuta historia. Ya tatu ningetafuta Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado nayo katika mapigano ya Tanga, Novemba 1914. Moshi wa baruti yake nyeusi uliwafichua kwa adui. Na kabati la chuma lenye kufuli linunuliwe kabla ya bunduki yoyote.