Sataranji: simu iwe mwalimu, isicheze kwa niaba yako

Kijana wa Butembo ama Beni anayependa sataranji hana lazima ya kungoja mwalimu kutoka Kinshasa. Stockfish, programu ya bure iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2008, ikiisha kuwekwa kwenye simu inafanya kazi bila mega. Hata jioni, wakati ukosefu wa usalama unawafunga watu nyumbani, mchezo wa mchana unaweza kupitiwa upya.

Lakini wengi wanaitumia vibaya. Wakishindwa wanaifungua papo hapo, wanatazama hatua iliyofaa, na kesho wanarudia kosa lile lile. Kuona jibu si kujifunza.

Njia nzuri inadai uvumilivu. Kwanza, mchezaji aandike hatua zote kwenye daftari. Pili, atafute mwenyewe mahali mchezo ulipoharibika, na aandike alichokuwa anafikiri. Kisha ndipo aiulize programu. Ikimwonyesha kwamba alipoteza farasi kwenye hatua ya 18, ajiulize sababu: haraka, woga, ama kumdharau mpinzani? Hilo mashine haiwezi kumwambia.

Na kuiuliza wakati mchezo unaendelea ni udanganyifu, hata kama hakuna anayeona.

Tangu kompyuta Deep Blue imshinde bingwa wa dunia Garry Kasparov mwaka 1997, hakuna aibu kusahihishwa na mashine. Shule na vikundi vya vijana vya Butembo na Beni vianze na jambo dogo: kila mchezo uandikwe. Daftari kwanza, simu baadaye.