Kukanda na Kuficha

Mabishano juu ya tiba za nyumbani yana pande mbili, na kila upande una kiburi chake. Wapo wasomi ambao, kwa kuwa wamepita mlango wa hospitali, hulicheka jani la mbarika lililopashwa motoni. Na wapo wengine ambao, kwa kuwa wamechoka kuambiwa kuwa wazee wao hawakujua kitu, hulisifu kila jani, hata lile lisilofaa. Wa kwanza hudharau wasichokichunguza, na wa pili husifu wasichokichunguza. Nia yangu ni kuwapinga wote, na mizani yangu itakuwa jambo dogo: vilio la damu, yaani ile damu inayovilia chini ya ngozi baada ya pigo. Ni jambo lisilokosekana katika nyumba yoyote, tangu miteremko ya Mbinga, ambako Wamatengo hulima mashamba yao ya ngoro, hata Lituhi, Liuli na Mbamba Bay katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Mchuma kahawa huteleza na mzigo wake, mvuvi hupigwa na kafi, mtoto huanguka mwembeni. Na kila mmoja hurudi nyumbani kukandwa.

Kwanza tujue tunachokitibu. Pigo likishuka, mishipa midogo iliyo chini ya ngozi hupasuka na ngozi yenyewe isipasuke. Damu humwagika ikakosa njia, ikavilia. Mwili ndio mganga wa kwanza: huivunja damu hiyo kidogo kidogo, hata wekundu ukageuka zambarau, kisha kijani, kisha manjano, na aghalabu baada ya majuma mawili hivi hapabaki kitu. Basi mwenye vilio dogo angepona hata asipotiwa dawa, na hapa ndipo zilipozaliwa sifa nyingi za bure. Kwa maana dawa yoyote itiwayo juu ya ugonjwa upoao wenyewe hupata jina la kuuponya.

Lakini asifurahi mapema mwenye kuwacheka wazee. Vitabu vingi vya uganga vilivyotufikia kutoka Ulaya vimezitaja rangi hizo kama zionekanavyo katika ngozi nyeupe. Katika ngozi nyeusi rangi hizo hufichika, na mama apapasaye kwa kiganja akitafuta joto, uvimbe na maumivu hujua mengi kuliko mwanafunzi atafutaye rangi aliyoisoma. Tena yule amezaye aspirini kwa vilio, akijiona ameendelea, hajui kuwa kidonge hicho huizuia damu isigande upesi, na kwamba kwa saa za kwanza huenda kikamdhuru kuliko jani alilolicheka.

Kosa la tiba yetu halimo katika kukanda, bali katika wakati wa kukanda. Twasema dawa ya moto ni moto, na kwa methali hiyo twakimbilia kitambaa cha maji ya moto na chumvi mara tu pigo liliposhuka. Methali ni hekima ya maneno, si sheria ya mishipa. Joto hupanua mishipa, na mshipa uliopasuka ukipanuliwa humwaga zaidi. Siku ya kwanza, na hata ya pili, kitakiwacho ni ubaridi: kitambaa kilichochovywa katika maji ya baridi, robo saa kwa zamu, na kiungo kiinuliwe na kupumzishwa. Joto na lije baadaye, damu ikisha kutulia. Hapo maji ya vuguvugu na jani la mbarika lililopashwa vyaweza kupunguza ukakamavu, na mafuta ya nyonyo yapakwe kwa mkono mwepesi, si kwa kusugua kama asuguaye sufuria.

Nitaambiwa, "Barafu tutaitoa wapi?" Jibu liko jikoni. Mbinga iko juu, na maji ya vijito vyake mwezi wa Juni hayahitaji barafu. Huko chini mwambaoni maji ya ziwa ni ya uvuguvugu, lakini upo mtungi. Chombo cha udongo, kama vile wanavyovifinyanga wanawake wa Kikisi katika mwambao wa kaskazini wa ziwa hilohilo, hupitisha unyevu ukutani mwake, na unyevu ukikauka huyachukua na joto la maji. Maarifa tunayo, tumeyaweka kwa ajili ya kiu tukasahau kuyaweka kwa ajili ya jeraha.

Yako mambo mawili ambayo sitayatafutia udhuru. Moja ni kuchanja chale juu ya vilio ili "damu mbovu" itoke. Ngozi nzima ni ngome, na mchanjaji huibomoa kwa mkono wake. Wembe upitao mwili huu na mwili ule huweza kupitisha UKIMWI na homa ya ini, na kidonda kichafu huweza kuleta pepopunda. La pili ni kupiga chuku. Pembe ifyonzayo ngozi hupasua mishipa midogo iliyokuwa mizima. Yaani huleta vilio juu ya vilio, kisha mpigaji hulipwa kwa kazi hiyo.

Jambo zito zaidi ni lile lisiloonekana. Mwambao wa ziwa ni nchi ya malaria, na mtoto aliyeugua malaria mara nyingi huweza kuwa na bandama iliyovimba. Bandama ya namna hiyo hupasuka kwa pigo ambalo mwenzake angelicheka. Juu ya ngozi huonekana alama ndogo ubavuni upande wa kushoto, au isionekane kabisa. Ndani damu inamwagika. Hapo mama akikanda anaikanda ngozi, na mauti yako chini yake. Mtoto akilalamika tumbo, au bega la kushoto ambalo halikupigwa, akipauka, akitoka jasho la baridi, au akizimia, kitambaa na kiwekwe chini, apelekwe hospitali saa hiyohiyo. Ni vivyo hivyo kwa aliyepigwa kichwani kisha akatapika au akasinzia pasipo kawaida. Siku hizi iko barabara ya lami ya kilomita 66 kati ya Mbinga na Mbamba Bay. Isiwe ya kusafirishia kahawa na samaki tu.

Nimefika sasa kwenye neno lililonishikisha kalamu. Si vilio vyote viletwavyo na mwembe na kafi. Vingine huletwa na mkono wa mume, na vingine na fimbo ya mkubwa. Hivi navyo hukandwa nyumbani, lakini mlango ukiwa umefungwa. Mke huambiwa akae ndani mpaka uso upoe. Mtoto huambiwa akiulizwa aseme ameanguka. Maji, chumvi na jani havikufanya kosa lolote, lakini vimetiwa katika njama: kazi yao si kuondoa maumivu tena, bali kumwondoa shahidi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Polisi hutoa fomu ya PF3, na tabibu huandika humo aliyoyaona mwilini. Lakini tabibu ataandika nini, ikiwa aletewa uso uliokwisha pona?

Watetezi wa heshima ya nyumba watasema kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje. Nawajibu kwa methali ya wazee wale wale wanaojificha nyuma yao: mficha maradhi kilio humfichua. Nyumba inayokanda kila mwezi na isiseme, iko siku itawaita majirani kwa sauti ya matanga. Heshima iliyolindwa kwa ngozi ya mtu mmoja si heshima ya nyumba. Ni raha ya mpigaji.

Kwa hiyo nawataka wasomaji wa kurasa hizi waache kugombana juu ya jani kama jani. Muhimbili imekuwa ikichunguza dawa za asili tangu mwaka 1974, na sheria ya tiba asili na tiba mbadala ilitungwa mwaka 2002. Hivyo njia ya kuchunguza ipo, na mwenye kudharau au kusifu bila kuchunguza hana udhuru. Mwanafunzi atokaye Mbinga au Nyasa aandike maneno ya bibi yake juu ya mimea, na aandike kwa uaminifu uleule maneno yake juu ya chanzo cha pigo. Kitambaa kibaki jikoni na mtungi ubaki na maji. Lakini kila anayekanda vilio, kabla ya kukamua kitambaa mara ya pili, aulize swali ambalo hakuna jani liwezalo kulijibu: nani aliyekupiga?