Geini Iwekwe Mapema, Tusipoteze Sauti za Wanyonge

Leo sizungumzii bajeti wala uchaguzi. Nazungumzia ile swichi ndogo ya kuzungusha kwenye kinasa sauti, ile ya geini, ambayo wengi wetu katika fani hii tunaipita kama hatuioni. Tunasema hiyo ni kazi ya fundi mitambo. Mimi nasema hapana, ni kazi ya mwandishi, na tena ina siasa ndani yake.

Sikiliza taarifa za redio kwa wiki moja tu. Mheshimiwa anasikika vizuri, kwa sababu amezoea kufokea kipaza sauti. Bibi anayeeleza jinsi shamba lake lilivyochukuliwa anaongea polepole, anameza maneno, nyuma yake kuna mvumo wa shhhh. Mhariri anasikiliza mara moja, anasema "hii haifai hewani", anaikata. Bibi amenyimwa haki mara ya pili, na safari hii sisi ndio tumemnyima.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe. Kipaza sauti cha dainamiki kama Shure SM58 kinatoa takriban milivolti 1.85 pale sauti inapokifikia kwa desibeli 94, yaani mtu anaongea kwa nguvu mdomo ukiwa karibu kabisa. Mazungumzo ya kawaida ukiwa umbali wa mita moja ni kama desibeli 60. Hapo kipaza sauti hicho hicho kinatoa kama mikrovolti 37 tu. Mitambo ya studio inataka volti 1.23. Kazi ya kuinua kiumeme hicho inaanza kwenye priampu, na geini ndiyo inayoamua kiinuliwe mara ngapi.

Tatizo ni kwamba priampu haijui kuchagua. Inainua sauti ya bibi, inainua na kelele. Na kelele ipo hata chumba kikiwa kimya kabisa. Mwaka 1928 John B. Johnson wa Bell Labs, Marekani, alitangaza vipimo vyake kuwa rezista yoyote yenye joto inatoa kelele ya umeme, na mwenzake Harry Nyquist akaeleza kwa nini. Chanzo cha omu 150 kwenye joto la chumba kinatoa takriban mikrovolti 0.22 za kelele katika masafa ya sauti. Hiyo huwezi kuikwepa. Unachoweza ni kutoongeza nyingine juu yake bila sababu.

Hapo ndipo mpangilio unapokuwa na maana. Tuseme saketi ina hatua mbili: ya kwanza ina kelele ya mikrovolti 1, ya pili mikrovolti 10, na tunataka kuinua mara 1,000. Ukiinua mara 100 kwanza kisha mara 10, mwishoni kelele ya hatua ya kwanza ni milivolti 1, na ya pili ni milivolti 0.1 tu. Ukifanya uvivu, ukainua mara 2 mwanzoni kisha mara 500 baadaye, ile ya pili inafika milivolti 5. Sauti ya bibi ni ile ile, kelele imekuwa mara tano. Harald Friis aliliweka jambo hili kwenye kanuni mwaka 1944 kwa ajili ya vipokezi vya redio: hatua ya kwanza ndiyo inayotawala. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi.

Mafundi wetu wanaotengeneza priampu wenyewe nao linawahusu. Chipu ya TL072 ina kelele ya nanovolti 18 hivi kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, NE5534 ina kama 4. Na hata ukinunua chipu nzuri, ukipanga geini kwa rezista ya omu 10,000 mahali ambapo omu 100 ingetosha, rezista yenyewe inaleta kama nanovolti 13. Umelipia ukimya kisha umeutupa.

Najua watakaosema kompyuta itasafisha. Inasafisha, lakini kelele ikikaribiana na maneno, inafuta na maneno. Wengine watasema siku hizi kuna vinasa sauti vya biti 32 kama Zoom F6 ya mwaka 2019, huna haja ya kugusa geini. Hivyo vinakuokoa sauti isipasuke pale mtu anapopiga kelele ghafla. Haviondoi kelele ya kipaza sauti wala ya priampu. Na ile geini ya otomatiki ndiyo mbaya zaidi: mtu akinyamaza kufuta machozi, yenyewe inapandisha mvumo wa feni.

Hoja yangu ni hii. Kabla ya kuanza mahojiano, mwandishi asogeze kipaza sauti. Kutoka sentimita 40 hadi 20 unapata kama desibeli 6 bure, bila kelele ya ziada. Kisha amwombe mzee aongee kama atakavyoongea kweli, si kuhesabu moja mbili tatu, na apandishe geini hadi vilele vifike karibu na desibeli 12 chini ya kikomo. Asizidishe, maana sauti iliyopasuka nayo hairudi. Dakika moja inatosha. Na vyuo vya uandishi viifundishe dakika hiyo kama vinavyofundisha kuandika kichwa cha habari.

Tunajiita sauti ya wasio na sauti. Jamani, sauti wanayo. Ni ndogo tu, na sisi ndio tulioshika swichi.