Mchanga Uliofunikwa

Huenda msomaji akaniuliza: gofu yatuhusu nini sisi watu wa Pwani, mchezo wa wenye nafasi? Suali lina haki yake. Lakini iko habari ya uwanja mmoja kule Marekani ambayo haikufaa itupite.

Uwanja huo ni Pinehurst Nambari 2, jimbo la North Carolina. Ulifunguliwa mwaka 1907, kazi ya Donald Ross, Mskoti aliyehamia huko, naye akaendelea kuutengeneza hadi alipokufa mwaka 1948. Nchi yenyewe ni ya mchanga na misonobari, na Ross aliuacha mchanga uonekane. Waliokuja baada yake kana kwamba waliuonea haya. Wakatandaza majani mabichi toka mti hadi mti, wakayanywesha maji bila ya kiasi, na uwanja ukawa kama zulia. Wapendeza machoni, ila umefanana na mingine elfu.

Mwaka 2010 wenye uwanja waliwaita Bill Coore na Ben Crenshaw waurudishe ulivyokuwa. Nimependa walivyoanza. Walitafuta picha zilizopigwa kutoka ndegeni mwaka 1943, wakafuata na bomba la zamani la maji lililopita katikati ya njia za mchezo, wakajua kila njia ilikokuwa. Kisha wakang'oa majani ya ekari zaidi ya 30. Mchanga ukarudi, na matumizi ya maji yakapungua sana. Mwaka 2014 mashindano makuu ya Marekani, ya wanaume na ya wanawake, yalichezwa hapo majuma mawili mfululizo.

Sasa tutazame kwetu. Nyumba ya mawe ya Lamu au ya Mji wa Kale wa Mombasa ikichakaa, fundi huja na saruji. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua. Ukifunikwa saruji, unyevu hufungika ndani na plasta hubambuka. Misikiti nayo hubandikwa vigae juu ya nakshi za wazee, kwa nia njema kabisa, maana mtoa sadaka apenda kuona kitu king'aracho. Nani atamlaumu? Mimi namlaumu kidogo.

Kamati yoyote inayojiandaa kutengeneza msikiti wa kale naiomba hivi: kabla ya kununua mfuko wa kwanza wa saruji, tafuteni picha za zamani majumbani, mumwite na mzee aliyesali hapo utotoni, aoneshe kwa mkono wake mihrabu ilikuwaje.