Remorke ya zamani ya mashua: itazame mbele ya kuipakia



Kwa ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia, viatu vya chuma na miwani. Leo naomba ruhusa ya kutoka inje ya kiwanda. Mutumishi akivunjika muguu nyumbani siku ya Mungu, muguu ni ule ule anaoupeleka kazini siku ya kazi moja.

Katika viwanja vingi vya kambi zetu, toka Likasi mpaka Kolwezi, munaweza kuona remorke ya mashua imelala katika majani. Ni masalio ya watu waliokwenda kuvua na kutembea kwa mashua kwenye ziwa Nzilo au ziwa Tshangalele. Mashua ilikwisha kuuzwa ao kuoza, remorke ikabaki, kuku wanalala chini yake. Sasa wenzetu wenye mashamba ya mbali wamenunua zile pikipiki za magurudumu mane, zilizotumiwa zamani na wapimaji wa ardhi. Wanaitazama remorke na kusema: tupige mbao juu, tupakie, twende shamba. Wazo ni zuri. Chuma cha bure hakitupwi. Lakini haraka yao siipendi, na nitasema kwa nini.

Shemeji yangu alifanya vile. Remorke ya mashua ni nyembamba mbele, shasi yake inakutana kama herufi V, kwani mbele ya mashua nayo ni nyembamba. Fasi pana iko nyuma. Yeye alitaka kupakia pikipiki mbili, basi akarefusha sakafu kwa nyuma, zaidi ya metre moja kupita magurudumu. Siku ya kujaribu, remorke haikufungwa kwa motokari. Mimi, mutu wa miaka 20 ya kazi chini ya udongo, mwenye kufundisha wengine juu ya hatari, nilisimama mbele nikaukalia mukono wa kuvutia «ili kuuzuia». Shemeji akapanda kwa mbao mbili akiendesha pikipiki. Magurudumu ya mbele yalipofika juu ya sakafu, nyuma ilizama, na mbele ikaruka pamoja nami. Ule mukono wa chuma ulinipiga taya. Meno mawili yalikwenda, na mwezi muzima nilikula uji kama mutoto. Pikipiki ilirudi nyuma na kupinduka. Shemeji aliruka kando. Fasi ilipoanguka, dakika chache mbele mutoto wa jirani alikuwa amesimama pale akitazama.

Basi neno la kwanza: usipakie hata kitu kimoja mbele ya kufunga remorke kwa motokari, freni ya mukono imekazwa, na vipande vya mbao chini ya magurudumu. Mbao za kupandia zifungwe kwa remorke na munyororo, kwani gurudumu likizungusha, linazisukuma nyuma na wewe unabaki hewani. Watoto wakae ndani ya nyumba. Mama, hiyo kazi ya kuwaita ni yako, sisi wanaume wakati ule hatuoni kitu.

Neno la pili ni uzito. Mashua yenye motere nyuma ina uzito wake nyuma, ndiyo sababu kile chuma kinachoshika magurudumu, wanachokiita esiyo, kiliwekwa nyuma. Pikipiki moja ya magurudumu mane ya kazi ina karibu kilo 300. Mbili ni karibu 600, ongeza sakafu ya chuma na mbao. Kama uzito mwingi unakaa nyuma ya esiyo, mbele inakuwa nyepesi, na remorke inaanza kutikisa mukia. Kwa kilomita 40 kwa saa huoni neno. Kwa 80, kwenye muteremuko, pamoja na kamyo ya shaba inayokuja mbele yako na vumbi lake la kiangazi, inaweza kukutoa katika barabara.

Kupima ni rahisi. Pakia remorke kwenye ardhi sawa, kisha egemeza kichwa cha kufungia juu ya mizani ya kupimia mifuko ya unga. Karibu sehemu moja kwa kumi ya uzito wote iwe pale: remorke na mizigo kilo 800, mizani ionyeshe karibu 80. Tazama pia kama motokari yako inaruhusiwa kubeba uzito ule kwenye kitufe chake, kwani motokari ndogo nyingi haziruhusiwi kufika hapo. Ikiwa mizani inaonyesha 20, usisukume mizigo kwa kubahatisha. Sogeza esiyo, ao pakia pikipiki moja tu. Mimi nasema pikipiki moja. Safari mbili za shamba ni bei ya mafuta, si zaidi.

Tena tafuta kile kibati chenye kuandikwa uzito unaoruhusiwa. Kama kimepotea, usiamini macho: resori na pine za remorke ya mashua ndogo ziliwekwa kwa mashua ndogo, na mbao nene juu yake haziziongezei nguvu.

Sasa maji. Hapa ndipo nataka munisikilize zaidi, kwani hapa ndipo rangi mupya inatudanganya. Remorke ya mashua iliingia ziwani mara nyingi. Fikiri: imetoka safari, moyo wa gurudumu una moto, kiisha unazamishwa katika maji ya baridi. Hewa ya ndani inapoa, inajivuta, na maji yanapita pembeni ya mupira wa kuziba. Grisi inageuka kama maziwa na vile vitufe vya chuma vya ndani, rulema, vinaota kutu. Remorke ikilala miaka kumi katika majani, kutu inaendelea kula bila kelele. Inua gurudumu, lizungushe kwa mukono, sikiliza. Likisaga kama muchanga, fungua, tupa rulema, weka mupya. Kuosha na kupaka grisi juu ya kutu si matengenezo.

Na shasi ya bomba inaoza kutoka ndani. Chukua nyundo ndogo, piga polepole kila fasi, zaidi kwenye pembe na pale esiyo inafungwa. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinajibu kama debe lenye matope. Mafundi wetu wa chini wanajua kugonga jiwe la dari na kusikia kama limeachana. Ni sikio lile lile.

Juu ya sudire. Remorke nyingi za mashua zimepakwa zinki ili zisiote kutu. Wazee wa Kipushi na wa viwanda vya zinki hawahitaji kuelezwa: ule moshi mweupe ukiuvuta, mchana unajisikia muzuri, na usiku homa inakuja, kutetemeka, utamu wa chuma kinywani. Wengi wanadhani ni malaria na kumeza dawa ya bure. Saga zinki mpaka chuma cheusi kionekane, sentimetre tano ao zaidi kila upande, na ufanye kazi inje, upepo ukipeleka moshi mbali na uso. Na bomba lililozibwa pande zote usilipige sudire mbele ya kulitoboa tundu. Hewa na maji ya ndani yakipata moto yanatafuta njia, na njia inaweza kuwa uso wako.

Mengine nayapita upesi. Taa: mara nyingi taa za nyuma zilikuwa kwenye ubao uliofungwa kwa mashua yenyewe, kwa hiyo remorke haina taa hata moja, ziweke. Kitufe cha kuvutia: kuna vya milimetre 50 na kuna vidogo zaidi. Kichwa cha 50 juu ya kitufe kidogo kinafunga vizuri uwanjani na kuruka kwenye shimo la kwanza. Munyororo wa akiba usikose. Na tuache kufunga pikipiki kwa vipande vya mupira wa ndani wa pine. Mupira unavutika, wakati wa freni, kilo 300 zinaendelea na safari. Tumia mikanda ya kukaza, mine kwa kila pikipiki, miwili mbele na miwili nyuma, ikivutwa kila moja kwa upande wake.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya nyumbani, hayahusu wakubwa wa usalama. Sikubali. Wale wale wanaokagua kamba za mashini zetu wangeweza kutufungulia atelieri nusu siku ya posho, mara moja kwa mwezi, ili mutumishi alete remorke yake itazamwe. Haingekuwa gharama kubwa. Siku moja ya mutumishi kukosa kazi ni gharama kubwa zaidi, na hapo bado sijahesabu meno yangu.

Na watu juu ya remorke, hapana. Wala juu ya mifuko, wala juu ya viti vya pikipiki zilizofungwa, hata kama shamba liko karibu, hata kama mvua inakuja.

Remorke ya shemeji iko bado uwanjani. Ameikata ile metre ya nyuma, esiyo imesogezwa, taa zinawaka. Anangoja rulema za gurudumu la kuume. Juma lililopita alinijia akisema kwamba mahindi yamekauka, kwamba la kushoto ni zima, kwamba tungeweza kwenda polepole. Ufunguo wa motokari yangu uko mufukoni mwangu, na pale utabaki mpaka rulema zifike.