Pikapu ya umeme: Tairi ndilo litaamua chaji yako itafika wapi

Mjadala wa magari ya umeme hapa Kenya huanza na betri na kuishia kwa bei ya stima. Poa. Lakini kuna kitu tunaruka: mpira mweusi unaogusa barabara. Kama unapanga kununua pikapu ya umeme ya kazi, au bosi wako ndiye anapanga, hii inakuhusu.

Kuna matairi ya aina mbili kuu. Ya nyika ni yale ya meno makubwa, yameandikwa A/T ubavuni. Ya misimu yote yana meno madogo na yametulia kwa lami. Wenzetu wa nchi za baridi wakisema misimu, wanahesabu hadi theluji. Kwetu ni mvua na vumbi tu.

Wasee wengi wanataka A/T kwa sababu gari linakaa ngumu. Ukipiga picha, laiki zinamiminika. Lakini hiyo sura inalipiwa.

Angalia Rivian R1T, pikapu ya umeme ya Marekani. Ilipoingia sokoni ilipimwa kufika kama kilomita 505 kwa chaji moja ikiwa na matairi ya barabara. Kampuni yenyewe ikawaambia wanunuzi kwamba matairi ya nyika yanakula asilimia 10 hadi 15 ya huo umbali. Piga hesabu, haihitaji digrii, mimi mwenyewe niliachia chuo njiani: umepoteza kilomita 50 hadi 75. Nairobi hadi Thika ni kama 45.

Mbona hivyo? Yale meno makubwa hujikunja na kujinyoosha kila gurudumu likizunguka, na nguvu inapotea kama joto. Gari la petroli pia linaumia hivyo hivyo, ila pampu ziko kila kona, hivyo huoni.

Tuongee doo. Mwaka 2023 EPRA iliidhinisha bei maalum ya stima ya kuchaji magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Betri ya R1T hiyo ni ya uniti 135. Asilimia 15 ni kama uniti 20, yaani Sh320, au Sh160 usiku. Si pesa ya kukulaza njaa. Ngori ni zile kilomita.

Na hapa ndipo siasa inaingia. Vituo vya kuchaji vimerundikana Nairobi na kando ya barabara kuu. Anayebeba mizigo kutoka Industrial Area hadi Westlands yuko kwa lami na chaja ziko karibu. Anayetoa viazi shambani Nyandarua ndiye anahitaji meno makubwa, ndiye chaji yake inafika karibu, na ndiye chaja ziko mbali naye. Anaumia mara mbili. Serikali ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na ni vizuri. Lakini punguzo hilo halijazi mashimo ya barabara ya kwenda shambani. Mwanasiasa akija kwenu kujisifia magari ya umeme, muulize chaja ya kaunti yenu iko wapi.

Matairi ya nyika hayana ubaya yakiwa mahali pake. Roam, iliyoanzia Nairobi kwa jina Opibus, iliwahi kugeuza magari ya safari za utalii kuwa ya umeme. Gari la mbugani linaenda polepole, halitoki mbali, na linarudi kambini kuchaji. Hapo A/T inaingia bila stress.

Wewe je? Hesabu kilomita zako za wiki moja. Kama nane kati ya kumi ni lami, chukua ya misimu yote. Changarawe kavu yatapita, na kwa lami iliyolowa kwa kawaida yanashika breki vizuri kuliko A/T. Kama ni mawe makali kila siku, chukua A/T, kisha panga safari ukijua chaji imepungua. Na usidanganyike na udongo mweusi wa Kitengela mvua ikinyesha: ukishajaa kwa meno, hata A/T inateleza.

Vyovyote vile, soma namba ya uzito ubavuni. R1T ina karibu tani 3.2 kabla hujapakia chochote, hiyo ni kilo 800 kwa kila tairi. Namba 100 inabeba kilo 800 pekee, 116 inabeba 1,250. Halafu pima upepo mara kwa mara, kwa sababu tairi lililolegea linakula chaji hata kama ni la lami. Muuzaji akikusukumia tairi bila kukuuliza unapita barabara gani, toka hapo uende duka lingine.